Kamera na Wanyama wa Kizimbani: Maswali Yenu, Majibu Yetu

Uganda haina dubu wa porini, wala Afrika nzima haina siku hizi. Wa mwisho, dubu wa milima ya Atlas kule Moroko na Algeria, walitoweka katika karne ya 19. Hata hivyo barua ndefu kuliko zote mwezi huu ni ya Mganda mwenye dubu kwenye kamera, na akizisoma barua za wenzake waliotembelea Entebbe atajikuta kwenye shida zile zile: waya, kioo, manyoya meusi na picha zinazoharibika njiani zikitumwa.

Waya unaonekana, simba haonekani

*Salaam kwa jopo la kamera. Huwa nakwenda kwenye kituo cha wanyamapori hapa Entebbe. Nina kamera ya lenzi mbili, 18–55 na 55–200. Kila nikimpiga simba, waya unatoka safi na simba anakuwa ukungu. Rafiki yangu ananishauri ninunue lenzi ya bei kubwa. Nifanyeje? — Kijana wa Kitooro, Entebbe*

Kaka, pesa yako iache mfukoni. Hiyo 55–200 inatosha. Ile 18–55 ibaki kwenye mkoba mpaka utakapofika mahali pasipo na waya.

Fanya hesabu hii ndogo: gawa milimita za lenzi kwa namba ya f, ile inayoonyesha ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga. Lenzi ya milimita 200 ikiwa kwenye f/5.6 ina tundu lenye upana wa karibu milimita 36. Waya wa uzio wa kawaida una unene wa milimita 3 au 4. Waya huo ukiwa umegusana na lenzi unaziba sehemu ndogo tu ya tundu, na mwanga wa simba unapita kando zake zote mbili. Waya "unayeyuka". Sasa chukua lenzi yako fupi: 55 kwa f/5.6 ni tundu la milimita 10. Hapo waya ule ule unakula zaidi ya theluthi moja ya mwanga, na alama yake haifichiki. Ukifunga lenzi ndefu hadi f/16 unarudi kule kule, tundu linabaki milimita 12 na kidogo. Wengi wanaoshindwa na waya kamera yao iko kwenye otomatiki, na jua la mchana linaifanya ifunge tundu bila wao kujua.

Kwa hiyo weka kamera kwenye A au Av, hali ambayo wewe ndiye unayechagua tundu, kisha namba ndogo kabisa ya f ambayo lenzi inaruhusu, na zumu mpaka 200. Sogeza lenzi karibu na waya kadiri kituo kinavyoruhusu, katikati ya tobo la wavu, ikitazama mbele moja kwa moja, si kwa mshazari. Kisha subiri simba awe mbali na waya, angalau mita 3, na 5 ni bora. Hili la kusubiri ndilo watu hawalipendi, na ndilo lenye kazi kubwa. Mwanga unaotoka kwenye jicho la simba unakuja ukitanuka kama pia ya kuchezea watoto mpaka unajaza lenzi. Simba akiwa ameegemea waya, mwanga huo bado ni mwembamba pale unapokutana na waya, na waya unaukata kabisa. Hakuna lenzi ya bei yoyote itakayokuokoa hapo.

Penye kizuizi kinachokutenga na waya kwa mita moja au zaidi, usikivuke. Utapata mistari hafifu ya kijivu ikipita kwenye picha na rangi zitafifia kidogo. Baadaye, kwenye programu ya kurekebisha picha, ongeza kontrasti na ushushe kidogo sehemu nyeusi. Mistari itapungua sana ingawa haitaisha.

Mambo mawili yanaharibu kazi hata kama umefuata hayo yote. La kwanza ni jua kupiga kwenye waya wenyewe. Waya unaong'aa hutapakaza weupe picha nzima, kwa hiyo zunguka utafute upande ambao wavu uko kivulini, au utie kivuli kwa kofia yako. Flashi ni kosa lile lile kwa mkono wako mwenyewe, izime. La pili ni fokasi: kamera hupenda kushika kitu kilicho karibu. Chagua pointi moja ya fokasi, iweke juu ya jicho kati ya nyuzi mbili. Ikiendelea kuhangaika mbele na nyuma, geuza swichi ya fokasi iliyo pembeni mwa lenzi kutoka A kwenda M na uzungushe kwa mkono.

Kasi ya shata isiwe chini ya 1/320 ya sekunde kwa lenzi hiyo, maana kihisi cha kamera yako ni kidogo na kinakuza mtikisiko mara moja na nusu. ISO, yaani wepesi wa kihisi kwa mwanga, ikiwa 800 mpaka 1600 isikutie hofu. Entebbe iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, jua la saa 6 linakaa utosini na macho ya mnyama yanakuwa mashimo meusi. Ingia lango linapofunguliwa, au rudi baada ya saa 10 jioni. Siku ya mawingu mepesi ni zawadi, usiihesabu kuwa hasara.

Na sisi wa simu?

*Mimi sina kamera, nina simu tu. Wajukuu wanataka picha za sokwe. — Mama wa Kawempe*

Mama, hesabu ya hapo juu inakuhusu, ila inageuka. Tundu la lenzi ya simu ni milimita 3 au 4 tu, sawa na unene wa waya, hivyo waya hauwezi kuyeyuka. Dawa ni kuuepuka: jicho la simu likae katikati ya tobo, waya usiwe mbele yake kabisa. Fanya hivyo pale tu ambapo watu wanaruhusiwa kufika kwenye waya. Simu ibaki upande wako, vidole visipite, na kamba ya simu ivae mkononi. Sokwe ana mkono mrefu kuliko unavyodhani, na hana haja ya kukurudishia.

Gusa uso wa sokwe kwenye kioo cha simu na ushikilie kidole mpaka fokasi ijifunge, halafu teremsha ile alama ya jua kidogo ili weusi wake ubaki weusi. Usivute zumu kwa vidole viwili kupita lenzi za simu zilipoishia. Baada ya hapo simu inakata picha na kuikuza tu, kazi ambayo unaweza kuifanya nyumbani kwa utulivu.

Dubu mweusi kama mkaa, dubu wa barafu wa kijivu

*Nyumbani ni Masindi, nasoma Ujerumani. Nikienda bustani ya wanyama huwa natuma picha za dubu kwenye kundi la familia. Shangazi anauliza: mbona dubu wa kahawia ameungua kama mkaa, wa barafu amekuwa rangi ya majivu, na mmoja ana mabaka kama mwenye upele? Pia kuna dubu anayekwenda na kurudi njia moja kutwa nzima. Nimemchukua video, sijui kama niitume. — Mwanafunzi*

Tuanze na majivu. Kipima mwanga cha kamera hakijui dubu ni nini. Kinachukulia kwamba kila kitu duniani, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Dubu wa barafu akijaza fremu, kamera inaona mwanga "umezidi" na inaupunguza, weupe unakuwa majivu. Tafuta kitufe chenye alama ya +/− na uongeze kati ya +1 na +1.7. Kwenye mnyama mweusi anayejaza fremu, kama sokwe wetu au dubu mweusi wa Asia mwenye hilali nyeupe kifuani, fanya kinyume: −0.7 mpaka −1.3.

Dubu wako wa kahawia ameungua kwa sababu tofauti. Bila shaka alikuwa mdogo kwenye fremu na nyuma yake kuna anga au mwamba uliopigwa jua. Kamera imepima ule mwamba. Hapo unaongeza, hata kama mnyama ni mweusi: +1, na uangalie histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye skrini ya kamera. Mlima ukigandamana na ukuta wa kulia, umezidisha. Anayehifadhi faili ghafi (RAW) badala ya JPEG pekee ana nafasi ya kusahihisha kosa la stopu moja (yaani mwanga maradufu au nusu) au zaidi nyumbani. Wa JPEG hana anasa hiyo.

Usimsafishe dubu wa barafu kwenye programu mpaka afanane na shati la shule. Nywele zake hazina rangi, nyingi zina uwazi ndani, na ngozi iliyo chini yake ni nyeusi. Katika hali halisi ana umanjano kidogo. Huko San Diego, Marekani, dubu wa barafu waliwahi kugeuka kijani kwa sababu mwani uliota ndani ya nywele zao. Kwa hiyo ukiona rangi ngeni, uliza watunzaji kwanza kabla ya kulaumu kamera.

Mabaka ya shangazi nayo yana sababu. Dubu wa nchi za baridi hupukutisha manyoya ya majira ya baridi kuanzia mwisho wa masika na kuendelea hadi kiangazi, na hutoka kwa vipande. Picha ya Juni inaonyesha godoro lililochanika, ya Novemba inaonyesha mnyama mnene anayemetameta, na ni dubu yule yule. Andika mwezi kwenye maelezo ya picha, maswali yatapungua. Mabaka yaliyo wazi yakidumu mpaka Oktoba ni jambo lingine, hapo swali la shangazi ni la haki.

Kuhusu mahali pa kusimama: bustani nyingi za Ulaya hutenga dubu kwa handaki badala ya vyuma. Njia hiyo ilipata umaarufu Hamburg, mfanyabiashara wa wanyama Hagenbeck alipofungua bustani yake mwaka 1907. Faida yake ni kwamba huna waya. Hasara ni kwamba mara nyingi unatazama kutoka juu, na dubu aliyepigwa kutoka juu anakuwa mgongo wenye masikio mawili. Tafuta sehemu ya chini kabisa ya ukingo, piga goti, tumia 200 au 300. Kadiri ulivyo mbali ndivyo pembe inavyolala. Halafu subiri ainue kichwa. Uso wa dubu hauna maneno mengi kama wa sokwe, na macho yake ni madogo, meusi, yamezama. Bila chembe ya mwanga ndani ya jicho, uso mzima unakuwa gunia. Katika picha 200 utabaki na 5, na hiyo si aibu.

Penye kioo, vaa nguo nyeusi au ya bluu iliyoiva, kwa maana shati jeupe ndilo litakalotokea kifuani mwa dubu. Futa alama za vidole vya watoto upande wako. Kandamiza kofia ya lenzi ya mpira kwenye kioo ili mwanga wa pembeni usipenye, na elekeza lenzi mbele moja kwa moja, kwa sababu kioo kinene kikitazamwa kwa mshazari kinaivuruga picha yote. Kichujio cha polaraiza husaidia ukitazama kioo kwa pembe kubwa tu. Ukitazama moja kwa moja hakiondoi mng'ao, ila kinakunyima stopu moja na nusu hadi mbili za mwanga bure. Dubu akiwa kwenye maji nyuma ya kioo, panda hadi 1/500, na utarajie ubluu mwingi, kwa sababu maji hula wekundu kwanza. Rekebisha urari wa weupe, si kivuli na mwanga.

Sasa yule anayetembea njia moja. Kama hatua ni zile zile, kugeuka ni pale pale, na ardhini kuna mfereji uliochimbwa na nyayo, hiyo ni tabia ya kurudiarudia inayojulikana kwa wanyama wa kufungiwa. Watafiti wa Oxford walionyesha mwaka 2003 kwamba wanyama walao nyama ambao porini huzunguka eneo kubwa, dubu wa barafu akiwa mfano wao mkuu, ndio wanaosumbuka zaidi kizimbani. Lakini video ya sekunde 20 haitoshi kumtia mtu hatiani. Baadhi ya dubu hutembea hivyo nusu saa kabla ya chakula, na wengine walikuja na tabia hiyo kutoka kizimba kibaya cha zamani. Rekodi dakika 10 mfululizo, andika saa uliyoanza na saa ya kulishwa, kisha itume pamoja na maelezo hayo. Usiiwekee muziki wa kuchekesha. Tumeona nyingi za namna hiyo zikiitwa "dubu anacheza dansi", na dubu hachezi.

Picha nzuri kwenye simu, ukungu kwenye karatasi

*Baada ya ziara ya shule kwenda Entebbe, wazazi walinitumia picha kwa WhatsApp. Nilipozichapisha kwa ubao wa shule zikatoka ukungu. Mchapishaji anasema kosa ni langu. — Mwalimu, Jinja*

Mwalimu, kosa ni la njia, wala si lako wala la mchapishaji. WhatsApp ikipokea picha kwa njia ya kawaida huibana na kuipunguza pikseli. Waambie wazazi waitume kama hati, ile alama ya karatasi badala ya alama ya picha, na faili litafika kama lilivyotoka kwenye kamera.

Kabla ya kuchapisha, gawa pikseli kwa 300. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000, inatoa inchi 20 kwa 13 safi. Picha yenye pikseli 1600 upande mrefu inaishia inchi 5 na kidogo, yaani kadi ya posta, na wewe uliitaka iwe bango.

Kwa kutazamwa kwenye simu tu, faili zima ni kupoteza bando. JPEG ya megapikseli 24 huweza kufika megabaiti 8 au 10, hivyo picha 100 zinakaribia gigabaiti moja. Tengeneza nakala yenye upande mrefu wa pikseli 2048, ubora wa 80, rangi za sRGB (mpangilio wa rangi ambao simu huuelewa), na nyingi zitashuka chini ya megabaiti moja. Kamera ikiwa imewekwa mpangilio mwingine, AdobeRGB, baadhi ya simu zitaonyesha rangi zilizopauka kama kanga iliyofuliwa mara mia, na watu watadhani ni mawingu. Fanya hayo kwenye nakala, asili isiguswe. Lipe faili jina linalosema kitu, mathalani entebbe_korongo-nyangumi_014, kwa sababu DSC_0417 haitamkumbusha mtu lolote baada ya muhula mmoja.

Simba wa Entebbe aliyehamia Kidepo

*Nilimpiga simba Entebbe, nikakata waya pembeni, nikaandika "Mfalme wa Kidepo". Watu wamenishambulia. Picha si ni picha? — Msomaji wa Bombo*

Ndugu, kukata waya ni halali. Kumhamishia simba mbuga ya Kidepo kwa maandishi siyo. Anayeitazama picha yako hana njia ya kuujua uzio ulioufuta kwa ustadi, hivyo maneno ndiyo yanayobaki kuubeba. Na waliokushambulia pengine waliona: simba wa kituo mara nyingi ana manyoya yasiyo na kovu, na majani yaliyofyekwa sawasawa nyuma yake.

Mwaka 2010 shindano la Wildlife Photographer of the Year, lenye makao London, lilimvua ushindi mshindi wake wa 2009. Picha ilikuwa ya mbwa mwitu akiruka lango usiku. Waamuzi waliamua kwamba kuna uwezekano mkubwa mnyama huyo alikuwa wa kufugwa, jambo lililokatazwa na kanuni. Mpiga picha alikanusha, lakini ushindi haukurudi.

Andika hivi: "Simba dume, kituo cha wanyamapori Entebbe, anatunzwa kizimbani," na mwezi. Kituo hicho kilianza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima, na wengi walioko humo wana historia yao: mtego, biashara haramu, mama aliyeuawa. Muulize mtunzaji jina la simba na alifikaje pale. Maelezo hayo yatawavutia wasomaji kuliko Kidepo ya uongo.

Katika barua hiyo hiyo unauliza kuhusu picha ya binamu yako aliyembeba mtoto wa sokwe. Usiisambaze. Mwongozo wa wataalamu wa IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, wa mwaka 2021 unataka mtu na sokwe wasionekane pamoja wakiwa karibu chini ya mita 7, kwa sababu anayeona picha kama hiyo huanza kumtamani sokwe wa nyumbani, na kwa sababu mafua yetu huwaua. Tena, ukipiga picha za vifaru wanaotembea huru katika hifadhi ya vifaru iitwayo Ziwa, zima alama ya mahali kwenye simu kabla ya kuanza. Jangili naye ana intaneti.

Utando ndani ya lenzi

*Lenzi yangu imeota kitu kama mizizi ya buibui ndani. Nikipiga kuelekea jua, picha inakuwa na maziwa. — Fort Portal*

Hiyo ni kuvu. Huota pale unyevu unapokaa juu ya asilimia 60 hadi 70 kwa muda mrefu, na mkoba wa ngozi uliofungwa kabatini tangu mvua za Machi ni kitalu chake. Usifungue lenzi mwenyewe. Ikiwa utando uko pembeni tu, haionekani sana kwenye f/4 au f/5.6, endelea kuitumia lakini itenge na lenzi nyingine. Ikiwa imefika katikati, mpelekee fundi mapema, kwa sababu kuvu hutoa asidi inayokula tabaka la rangi lililopakwa juu ya kioo, na alama hiyo haisafishiki.

Kwa zilizo salama: chombo cha plastiki cha chakula chenye mfuniko wa mpira, gramu 100 za silika jeli ya rangi ndani ya soksi safi, lenzi bila mkoba wake. Jeli ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni au sufuria kavu kwa moto mdogo, bila kuifikisha moshi, mpaka rangi irudi. Ile ya bluu ina kobalti, kwa hiyo nunua ya rangi ya chungwa, na sufuria hiyo isirudi kupikia matoke.